Ukiandika equals, andika na hashCode

Kwenye Java ukiandika equals yako (metodi inayosema kama objekti mbili ni sawa) bila kugusa hashCode (metodi inayoipa objekti namba yake ya hashi, ambayo HashSet huitumia kuitafuta) umejitafutia balaa, maana objekti mbili zilizo sawa lazima zitoe namba moja ya hashi, zisipotoa, HashSet (seti isiyotaka vitu vinavyojirudia) inaweza kuzibeba zote mbili kama vile hazijuani. So fildi zile zile unazolinganisha ndo hizo hizo unazipa Objects.hash ikutengenezee hiyo namba, basi. Halafu ziwe fildi zisizobadilika, ziweke final kabisa, sababu, tuseme objekti yako ni mteja, ukimtia kwenye HashSet kisha ukambadilishia imeili iliyo kwenye hashi, contains (ya kuuliza kama yumo) itakwambia hayupo na ukiprinti seti nzima unamwona huyo hapo! Objekti tofauti kugongana namba ni kawaida tu. Python afadhali, ukiandika __eq__ (equals yake) peke yake inaizima __hash__ (hashCode yake), ukiitupa objekti kwenye seti unakula kosa la TypeError papo hapo.