Kumfundisha nyanya simu ya video: anza na kidole

Mei 2020 serikali ilipofunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa ajili ya korona, baraza za mtaa wetu wa Kibokoni zilibaki tupu. Sisi tuliokuwa ndani tulianza kuwafundisha wazee simu za kupangusa, na mpaka leo huwafundisha wasioweza kutoka nyumbani. Hatua hizi ni za WhatsApp kwenye Android.

1. Andaa simu kwanza. Kuza maandishi, ongeza sauti, refusha muda kabla skrini haijazima. Fungua mazungumzo ya mtu, gusa vidoti vitatu, uweke njia ya mkato kwenye skrini ya mwanzo. Nyuso nne zatosha. Mengine yote yaondoe hapo mbele.

2. Kidole. Hapa ndipo wajukuu wanapokosa subira. Mzee hubonyeza kwa nguvu, kama anapiga kengele ya mlango, basi picha zinahama na yeye anaona ameharibu. Mwambie aguse kama anavyopima pasi ikiwa imeshika moto: gusa, toa. Kidole kikiwa kikavu skrini haikisikii, kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Na wewe weka mikono mgongoni. Ukimshikia simu, umejifundisha mwenyewe.

3. Kupokea kabla ya kupiga. Simu ikiwa imefungwa, kitufe cha kijani husukumwa juu, kukigusa tu hakutoshi. Nenda jikoni umpigie mara tano. Mara ya kwanza utaona dari na nusu ya paji la uso, kwa hivyo egemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai.

4. Ujumbe wa sauti. Wengi huachia maiki mapema, salamu zikakatika kwenye "hamjambo huko". Mfundishe kusukuma maiki juu mpaka kufuli ijifunge, aongee atakavyo, kisha atume.

5. Bando na namba za siri. Bando likiisha atadhani simu imekufa kwa kosa lake, na hatakwambia. Mnunulie la wiki, uandike siku yake kwenye kalenda ya ukutani. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp. Tarakimu sita za namba hiyo, na zile zinazokuja kwa SMS, asimsomee mtu yeyote, hata anayejiita mjukuu.

Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, msimsumbue. Mpigie simu ya kawaida, kisha mpigie dada yake aliyeko Likoni, uziunganishe simu mbili hizo. Yeye hana cha kubonyeza zaidi ya kupokea. Ila jiandae kusikiliza tu, maana hawatakupa nafasi.