Somo: Kuchora athari za kijamii za dawa za kupunguza uzito kwa sitiari

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja swali la jinsi ya kuchora athari za dawa hizi, kwa hiyo naliandika jibu mara moja.

Hatua ya 1. Isome dawa yenyewe kabla ya kushika penseli.

Hatua ya 2. Andika unachotaka kusema kwa sentensi moja.

Hatua ya 3. Amua nani yumo kwenye picha na nani ameachwa nje. Hapa ndipo nilipokosea: mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mizani, mwanamke mnene katika sahani moja na kalamu ya sindano, yaani kifaa cha kujidungia dawa, katika sahani ya pili. Msomaji mwenye kisukari aliniandikia kuuliza yeye yuko wapi, na alikuwa na haki, kwa sababu Ozempic, mojawapo ya dawa hizo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili, na ilipoadimika kuanzia 2022, wengi wakiitaka ili wapungue, wagonjwa kama yeye walirudi kutoka duka la dawa mikono mitupu. Nilichora upya mikono miwili ikivutana kalamu moja, mmoja ukiwa na vitone vya kujitoboa kwenye ncha za vidole ili kupima sukari. Onyo: usimchore mnene asiye na kichwa, wala usimfanye mvivu, kwa sababu semaglutide, dawa iliyomo ndani ya Ozempic, huiga homoni ya utumbo inayoujulisha ubongo kwamba mtu ameshiba.

Hatua ya 4. Mwonyeshe rasimu mtu asiyejua habari hiyo, wala usimweleze neno.

MASWALI

Swali: Dawa hii inauzwa wapi?
Jibu: Hili ni somo la uchoraji. Mwone daktari.

Swali: Si rahisi zaidi kuchora mnene kushoto na mwembamba kulia?
Jibu: Hilo ni tangazo la dawa. Rudi hatua ya 3.

Swali: Nilichora gauni linalopwaya kuonyesha mafanikio, lakini mama akaona mgonjwa. Nifanyeje?
Jibu: Mama amekusaidia sana. Wengi wetu tunakumbuka miaka ambayo aliyekonda ghafla alinong'onwa kuwa ana UKIMWI. Mchore fundi akilipunguza gauni kwa kalamu ya dawa badala ya sindano ya kushonea, kitambaa cha ziada akikikunjia ndani bila kukikata. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walioacha semaglutide walirudisha, kwa wastani, theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Mshono unaofumulika utalisema hilo.

Swali: Mishono hiyo niichore kwa kifaa gani?
Jibu: Kwa wino na nibu nyembamba, ukiacha nafasi kati ya mshono na mshono, ili picha ikipunguzwa gazetini isigeuke mstari mmoja.