eTIMS kwa duka dogo: safisha orodha kabla ya kugusa programu

Wengi wanaoniita niwasaidie na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), hudhani kazi ni kusakinisha programu. Hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kinachokula siku nzima ni orodha ya bidhaa na mazoea ya pale kaunta. Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Kenya mwenye duka, karakana au kampuni ndogo.

1. Kagua PIN yako iTax

Ingia iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, ufungue cheti cha PIN (nambari yako ya mlipa ushuru) uone umeandikishwa ushuru gani: ushuru wa ongezeko la thamani (VAT), ushuru wa mapato au ushuru wa mauzo yote ya biashara (TOT). Kutokuwa na VAT hakukuondoi kwenye eTIMS. Kisha angalia nambari ya simu iliyoko iTax, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha usajili hutumwa huko. Ikiwa ni laini ya mhasibu aliyeacha kazi mwaka juzi, ibadilishe kwanza, la sivyo utakwama pale mlangoni.

2. Chagua njia inayolingana na biashara

Mwenye kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, na mauzo machache anaweza kutumia *222#. Kuna programu ya simu, kuna ya kompyuta, na zote KRA inazitoa bure. Ikiwa tayari unauza kwa mfumo wa kompyuta, usikubali karani aandike kila mauzo mara mbili. Atachoka kabla ya mwezi kuisha. Muulize aliyekuuzia mfumo kama anaweza kuuunganisha na eTIMS, na kama yumo katika orodha ya waunganishaji walioidhinishwa na KRA.

3. Safisha orodha ya bidhaa

Hapa usiharakishe. Kila bidhaa hupewa herufi ya ushuru: A ni iliyosamehewa, B ni ya asilimia 16, C ni ya asilimia sifuri, D ni isiyo ya VAT, E ni ya asilimia 8. Asiye na VAT hutumia D. Usiache karani abahatishe A au C kwa kuwa zote zinaonyesha sifuri: anayeuza bidhaa za C hudai VAT aliyolipa kwenye manunuzi, wa A hadai.

Bei nazo zina mtego. Tuseme mabati unayauza 11,600, VAT ikiwa ndani. Ushuru hapo ni 1,600, yaani 11,600 gawa kwa 116 mara 16. Ukichukua asilimia 16 ya 11,600 utapata 1,856, na hizo 256 za ziada zitatoka mfukoni mwako. Jaribu bidhaa mbili tatu kwa kikokotoo kabla ya kuingiza mia.

4. Mfunze karani swali moja

"Boss, nikuwekee PIN ya kampuni?" Liulizwe kabla ya ankara kutolewa. Sheria hailazimishi mnunuzi atoe PIN, lakini anayenunua kwa ajili ya biashara asipoitoa, ankara hiyo haitamsaidia kudai gharama, na kesho atarudi kukusumbua.

5. Geukia upande wa kununua

Upande huu ndio unaopoteza pesa nyingi, na ndio husahaulika. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikatwi kwenye mapato unapokokotoa ushuru. Kampuni iliyolipa fundi 80,000 kwa risiti ya mkono italipa ushuru wa asilimia 30 juu ya pesa hizo: 24,000. Mishahara, riba, tiketi za abiria wa ndege na bidhaa zilizopitia forodha hazihitaji ankara hii. Aliye kwenye TOT hulipa asilimia 3 ya mauzo yote, kwa hiyo gharama hazimbadilishii kitu, ila ankara za mauzo bado anatakiwa kuzitoa.

Ukipokea ankara, skani msimbo wa QR ukiwa bado dukani kwa muuzaji, ulinganishe kiasi na PIN yako. Ukinunua kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, sheria inakuruhusu wewe mnunuzi uandae ankara.

6. Ankara ikikosewa

Haifutwi. Toa krediti noti, yaani hati ya kutangua kiasi cha ankara, inayotaja nambari ya ankara ya kwanza, kisha andika mpya. Zote mbili ziweke kwenye faili moja.

7. Linganisha kila wiki

Chukua taarifa ya till ya M-Pesa, jumlisha pesa taslimu na za benki, uziweke kando ya ripoti ya mauzo ya eTIMS. Toa mikopo uliyolipwa na pesa ulizojiwekea mwenyewe. Tofauti inayobaki itafute wakati karani bado anakumbuka nani alinunua nini. VAT hujazwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na tarehe 19 usiku si wakati wa kuanza kutafuta mauzo ya tarehe 3.