Jinsi ya kutambua na kusajili madini mapya ya floraidi yenye elementi adimu za ardhi, hatua kwa hatua

Umeweka sampuli kwenye hadubini ya elektroni, chembe moja inang'aa nyeupe kuliko zote, spektra inakuonyesha seriamu, lanthanamu na florini, basi, hakuna kingine cha maana. Moyo unadunda. Najua, mimi wangu unadunda mpaka leo. Ila kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umepata madini mapya, pitia hizi hatua, maana nyingi ya hizo chembe zinakufa kwenye kitu kimoja tu, nacho ni florini. Ipo kweli? Ipo kiasi gani? Na kama imepungua, nafasi yake imekaliwa na nani? Ukijibu hayo matatu vizuri kazi kubwa imeisha.

HATUA YA 1: Jua waliotangulia

Floraidi (misombo ya florini) asilia zinazojulikana za elementi hizi adimu, yaani seriamu, lanthanamu, itriamu na ndugu zao, ni chache, kwa hiyo zijue zote. Kuna fluoseriti-(Ce) na fluoseriti-(La), gagariniti-(Y) na gagariniti-(Ce) zenye sodiamu na kalsiamu, tveititi-(Y), polezhaevaiti-(Ce) yenye strontiamu, na waimiriti-(Y) ambayo ni YF3, imeelezwa kutoka mgodi wa Pitinga kule Brazil na pia Jabal Tawlah, Saudi Arabia. Ziandike kwenye karatasi moja, fomula na vipimo vya fuwele, uibandike karibu na mashine. Usisahau na floraidi zenye oksijeni kama håleniusiti-(La), LaOF, nitakwambia baadaye kwa nini.

HATUA YA 2: Itoe bastnesiti kwanza

Hapa ndo wengi wanaanguka. Bastnesiti-(Ce) ni kaboneti yenye florini, ipo kila mahali penye hizi elementi, na kwenye EDS, kile kipimo cha eksirei cha hadubini ya elektroni kinachokupa spektra, inafanana na floraidi tupu kabisa. Utaniambia "lakini ningeona kaboni", hapana, sampuli yako umeipaka kaboni ili ipitishe umeme kwa hiyo kaboni itaonekana tu hata kwenye kwozi. Ninachofanya mimi ni kupima kilele cha kaboni kwenye kwozi au felspa ya jirani, chini ya mpako uleule, halafu narudi kwenye chembe yangu nalinganisha. Ikizidi wazi, shuku kaboneti. Halafu pima na Raman, mashine ya leza inayosoma mitetemo ya atomu, kaboneti inapiga kilele kikali karibu na 1,090 cm⁻¹ hivi, ukikiona hicho funga daftari.

Kingine ni hesabu ya haraka. CeF3 tupu ina florini asilimia 28.9 kwa uzito, bastnesiti-(Ce) ina 8.7 tu. Hata EDS mbovu haiwezi kuchanganya hizo mbili kama umeiwekea standadi, yaani sampuli ya kulinganishia ambayo kilichomo kinajulikana.

Na tafadhali, lile jaribio la zamani la kupasha unga wa jiwe ndani ya asidi ya salfuriki uone kama kioo kitaliwa, usilifanye. Ule ni mvuke wa floraidi ya hidrojeni, unakula mapafu na mifupa.

HATUA YA 3: Maikroprobu, na uongo wa seriamu

Maikroprobu ni mashine ya miale ya elektroni inayopima kiasi cha kila elementi. Hii hatua nitakaa nayo sana kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. Miaka ya nyuma nilikuwa na chembe nzuri, maikroni 40 hivi, florini ikasoma juu, nikafurahi wiki nzima. Halafu mwenzangu wa maabara akaniuliza swali dogo, "umepima oksidi ya seriamu?" Nikaipima, oksidi safi ambayo haina hata chembe ya florini, na mashine ikaniandikia florini ipo. Mwili ulinilegea.

Sababu yake ni hii: florini inatoa eksirei ya mstari wa Kα kwenye nishati ya 677 eV, na seriamu ina mstari wake wa Mζ kwenye 676 eV. Tofauti ya eV moja, hakuna kristali ya spektromita itakayokutenganishia hiyo. Chuma nacho kina mstari wa L jirani, kwenye 705, ukitumia kristali ya tabaka nyingi inaingia humohumo. Dawa ni kufanya nilivyochelewa kufanya mimi: pima fosfeti au oksidi ya seriamu isiyo na florini, uone inatoa kaunti ngapi pale kwenye nafasi ya florini, kisha utoe hizo kaunti kulingana na seriamu iliyomo kwenye chembe yako.

Mengine ya kuzingatia. Floraidi haipendi miale ya elektroni, kaunti za florini zinabadilika ukiiangalia hivihivi sekunde baada ya sekunde, kwa hiyo pima florini ya kwanza kabisa, kilovolti 15, mkondo mdogo kama nanoampia 10, miale uipanue maikroni 10 hadi 20 kama chembe inaruhusu. Praseodimiamu usiipime kwenye Lα maana lanthanamu inaikalia na Lβ yake, hamia Lβ. Neodimiamu nayo angalia seriamu inavyoisogelea.

HATUA YA 4: Hesabu kwa atomu, si kwa uzito

Jina la mwisho kwenye mabano, -(Ce), -(La), -(Y), linatokana na elementi iliyo nyingi kwa idadi ya atomu. Tuseme umepata itriamu asilimia 20 na seriamu asilimia 25 kwa uzito. Unaona seriamu imeshinda? Gawa: 20 kwa 88.9 unapata 0.225, 25 kwa 140.1 unapata 0.178. Itriamu ndo mshindi. Na kama muundo ni uleule wa madini yanayojulikana ila elementi inayoongoza tu ndiyo tofauti, hupati jina jipya la mzizi, unabadilisha kilichomo kwenye mabano.

Kisha jumlisha chaji. Kama florini uliyopima haitoshi kusawazisha kationi, basi kuna oksijeni au OH mle ndani, na hapo ndo LaOF inapokuja kukusalimia.

HATUA YA 5: Muundo wa fuwele

Toa chembe kwenye epoksi kwa sindano chini ya hadubini, taratibu, shusha pumzi kwanza. Maikroni 30 hadi 50 zinatosha kwa difraktomita nzuri ya maabara. Elementi kubwa kuanzia lanthanamu hadi neodimiamu zinapenda muundo wa fluoseriti, trigonali, P-3c1 (alama ya ulinganifu wa fuwele), vipimo vyake a karibu 7.1 na c karibu 7.3 Å. Ndogo kama itriamu zinachukua ule wa waimiriti, othorombiki, Pnma. Ukipata muundo usiofanana na chochote kwenye karatasi yako ya hatua ya 1, hapo una haki ya kufurahi.

Ila eksirei zina upofu wake. Lanthanamu ina elektroni 57, seriamu 58, hazitofautishi. Florini na OH vilevile, na hata jumla ya valensi za bondi, ile hesabu ya nguvu za bondi zinazoishika atomu, haitakusaidia maana zote mbili zinakaribia 1. Oksijeni tupu itajitokeza kwa sababu jumla yake inakaribia 2. Kwa OH rudi kwenye Raman, eneo la 3,000 hadi 3,700, na ubadilishe leza, nanomita 532 halafu 633 halafu 785, kwa sababu hizi elementi zinawaka zenyewe na mwanga wake unajifanya vilele. Kilele cha kweli cha Raman kinabaki kwenye nambari ileile ukibadilisha leza, cha mwanga kinahama.

HATUA YA 6: Maelezo ya kawaida

Rangi, mng'ao, ugumu, mpasuko, fahirisi za mwanga. Watu wanaidharau hii hatua na mimi naipenda. Rangi itazame juani na chini ya taa ya tyubu, neodimiamu ikiwa nyingi jiwe linageuka rangi mbele ya macho yako. Densiti kama chembe ni ndogo mno ikokotoe kutoka kwenye fomula na vipimo vya fuwele, useme wazi umeikokotoa.

HATUA YA 7: Pendekezo

Jaza fomu ya CNMNC, ile tume ya Shirikisho la Kimataifa la Mineralojia, IMA, uitume kabla hujachapisha popote. Madini na jina vinapigiwa kura kila kimoja peke yake. Usijipe jina lako mwenyewe, na ukitaka la mtu aliye hai, pata ridhaa yake kwanza. Sampuli ya aina, yaani ile uliyotumia kuyaeleza madini hayo mara ya kwanza, lazima ikae kwenye makumbusho au taasisi ya kudumu, na hapa nakusihi peleka kipande kilekile ulichopima, pamoja na epoksi yake na picha yenye mshale kwenye chembe, maana chembe ya maikroni 40 bila mshale hakuna atakayeiona tena. Pendekezo likipokelewa linapewa nambari ya mwaka, kama waimiriti-(Y) ilivyo IMA 2013-108, na likipitishwa, kuanzia hapo una miaka miwili ya kuchapisha maelezo kamili.