Somo: Nyota zinazopatwa, hesabu isikudanganye

Wadau niliahidi, hili hapa. Nyota mbili zinazungukana, moja ikipita mbele ya mwenzake mwanga unashuka, na sisi tunataka kujua jozi kama hizi ziko ngapi angani. Kwenye kuhesabu ndo wengi wanateleza.

Hatua 1: Zoeza macho. Desemba kuanzia saa tatu hivi usiku angalia kaskazini, tafuta nyota ya Algol (jina la Kiarabu hilo, kichwa cha zimwi). Ilinganishe na nyota nyingine, Almach, siku za kawaida mwanga wao unakaribia kulingana, ila kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 Algol inafifia kama masaa matano halafu inarudi masaa mengine matano. Mwaka 1783 John Goodricke wa York, kijana kiziwi wa miaka 18, alisema huenda kuna kitu kinapita mbele yake. Kwa macho tu!

Hatua 2: Andika saa na mwanga kila nusu saa. Mimi mwaka jana usiku mmoja niliandika saa ya Kiswahili, mwingine ya kizungu, grafu ikatoka kama milima ya Usambara. Chagua moja.

Hatua 3: Kunja grafu. Kwa kila kipimo chukua muda ulioandika, toa muda wa mfifio wa kwanza, gawa kwa kipindi (muda wa mzunguko mmoja), baki na desimali tu, hapo usiku wote unalaliana.

Hatua 4, ndo yenyewe. Tunaona kupatwa pale tu mzunguko ukiwa umetuelekea kwa ubavu. Uwezekano wake ni jumla ya nusu vipenyo vya nyota zote mbili gawa kwa umbali kati yao. Mbili kama Jua, umbali nusu kipenyo cha Jua mara 10, unapata 2/10. Ziweke mbali kama Dunia na Jua, yaani mara 215, unapata 2/215, moja kati ya 107 hivi. Sasa tuseme umekamata jozi 40 za nyota zilizokaribiana na jozi 4 za zilizoachana mbali, usikimbilie kusema za karibu ndo nyingi. Gawa kwa uwezekano upate jumla halisi, pamoja na zile ambazo hazijatuelekea: 40 gawa kwa 0.2 ni 200, 4 gawa kwa 2/215 ni 430. Umeona?

MASWALI

Mkuu, si Kepler, ile darubini ya angani ya NASA, ilishamaliza hii kazi?
– Ilirushwa 2009, ikakodolea kipande kimoja cha anga miaka minne, ikapata jozi zinazopatwa karibu 2,900. Ila zenye mzunguko wa miaka kumi hazikumaliza hata mzunguko mmoja muda huo, na baadhi hazikupatwa kabisa, kwa hiyo za mbali unazikosa kwa mlalo (mzunguko haujatuelekea kwa ubavu) halafu unazikosa tena kwa muda.

Mi sina darubini kaka, nafanyaje?
– Data za Kepler na za TESS, darubini nyingine ya angani ya NASA, ni bure dada, laptop ya kawaida inatosha.

Nyota zikifanana kabisa ntajuaje kipindi sio nusu?
– Swali zuri, mimi mwenyewe lilinipiga chenga. Kila mzunguko una mififio miwili, kwa hiyo kunja kwa kipindi mara mbili ya ulichopata, uangalie kama kina cha mififio hiyo miwili kinatofautiana hata kidogo. Jozi ya nyota iitwayo W Ursae Majoris inazunguka kwa saa 8 tu na mififio yake inakaribia kufanana, na kwa vile zinagusana zimevutana zikawa kama mayai, mwanga unapanda na kushuka muda wote hata kabla ya kupatwa, so kwa hizo ile fomula ya hatua 4 inalegea.