Jinsi ya Kukagua Uso wa Chembe za Nano za Dhahabu Kabla ya Kuzikutanisha na Damu

Chembe ya nano, yaani ile yenye upana wa nanomita 1 hadi 100, ina uso mpana mno kwa udogo wake, na kinachogusana na damu mwanzo ni tabaka lililoifunika, si dhahabu iliyomo ndani. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wa Unguja na Pemba wanaotengeneza chembe hizo kwa sitreti, yaani chumvi ya asidi ya ndimu, au kwa maji ya karafuu.

Hatua ya kwanza: andika kila kilichobaki juu ya uso. Sitreti huupa uso chaji hasi. CTAB, aina ya sabuni inayotumika kutengenezea vijiti vya dhahabu, huupa chaji chanya, na yenyewe hupasua utando wa seli, hivyo sumu inayodhaniwa ni ya dhahabu mara nyingi huwa ni yake. Karafuu nazo huacha yujenoli, mafuta yanayozipa harufu yake, na vitu vingine vingi, na yujenoli ikizidi hudhuru seli. Kwamba tunazitia kwenye pilau si ushahidi wa usalama wake ndani ya mshipa.

Hatua ya pili: osha. Zungusha chembe kwenye mashine mpaka zitue, mwaga maji ya juu, kisha zichanganye upya na maji yaliyokenekwa. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima, kwa sababu maji yetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba kalisi, ambayo hugandanisha chembe zenye chaji hasi. Maji ya mwosho wa mwisho usiyatupe: yajaribu peke yake kwenye seli, na yakiziua, ujue tatizo ni mabaki yaliyomo majini.

Hatua ya tatu: tia chumvi mpaka mchanganyiko ufikie asilimia 0.9, sawa na maji ya dripu. Chembe za sitreti, zilizokuwa nyekundu kama maji ya rosela, hugeuka zambarau na baadaye buluu ya kijivu, kwa kuwa sodiamu imeizima chaji iliyokuwa ikizitenganisha. Chembe zilizovikwa vyema polietilini glikoli, minyororo mirefu ya molekuli inayopenda maji, hubaki nyekundu. Mchanganyiko uliobadilika rangi usiupeleke mbele, kwani madonge ya namna hiyo yanaweza kukwama kwenye vishipa vyembamba vya mapafu.

Hatua ya nne: ziache chembe kwenye seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, kwa saa moja, nyuzi 37 za Selsiasi, kisha pima tena ukubwa na chaji. Protini zitakuwa zimeuvaa uso, na chembe iliyoingia na chaji chanya huweza kutoka na chaji hasi. Kingamwili zikiwa miongoni mwa protini hizo, seli za ini na bandama huitambua chembe na kuimeza. Polietilini glikoli hupunguza jambo hilo, ingawa baadhi ya watu wana kingamwili dhidi yake.

Hatua ya tano, ambayo ndiyo yenye mitego, ni kupima kupasuka kwa seli nyekundu za damu. Pata kwanza kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Changanya damu iliyooshwa na chembe, zungusha, kisha soma himoglobini, rangi nyekundu inayotoka seli zikipasuka, ya maji ya juu kwa mwanga wa nanomita 540. Maji ya chumvi yawe sifuri, na damu iliyopasuliwa kwa maji yaliyokenekwa iwe asilimia 100. Dhahabu yenyewe hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, kwa hiyo weka kichupa cha chembe bila damu ili uondoe rangi yake kwenye hesabu. Kichupa kingine kiwe na chembe pamoja na damu iliyokwisha kupasuliwa: usomaji ukishuka humo, chembe zinaishika himoglobini na kutua nayo chini, na jibu lako zuri ni la uongo. Upasukaji ukizidi asilimia 5, rudi kwenye hatua ya pili kabla ya kupunguza dozi.