Jinsi ya kuomba kipimo cha DBS cha mtoto ili kadi isikurudie

Kadi ya DBS, yaani karatasi ya matone ya damu yaliyokaushwa ya kupima VVU kwa mtoto wa mama mwenye VVU, ikikataliwa, maabara haipotezi kitu. Wanaandika sababu kwa neno moja, "haitoshi" au "imeganda", kisha wanairudisha. Anayeumia ni mama aliyevuka kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Ukara na mtoto wa wiki sita mgongoni, ambaye sasa anatafutwa kwa simu aje mtoto atobolewe tena, na simu yenyewe haipatikani. Yale ambayo kila muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anayajua tutayapita haraka. Tutakaa pale kadi zinapoharibikia, hasa kwenye kukausha, maana huku Ziwa Victoria hewa yenyewe ina maji.

Ratiba unaijua: PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, ya kwanza wiki ya 4 hadi ya 6, nyingine miezi 9. Kipimo cha haraka hakiwezi kuthibitisha VVU kwa mtoto huyu kabla ya miezi 18, kwa sababu kinaweza kuona kingamwili za mama na si za mtoto.

Fomu kabla ya sindano

Jaza fomu na kadi kwa kalamu ya wino kabla hujavaa glovu. Ukisema utaandika baadaye, utaandika na damu mkononi huku watoto watatu wanalia, na namba moja itaruka. Namba ya mtoto iwe ileile kwenye kadi, fomu na rejista. Linganisha tarakimu moja moja, usiamini macho.

Jina ndilo mtego mkubwa. Leo mtoto ni "Mtoto wa Neema", mwezi ujao ana jina la babu yake, na majibu yanakuja kwa jina ambalo hakuna mtu kituoni analitambua. Andika lililoko kwenye rejista; likibadilika, andika jipya pembeni ya la zamani, usilifute.

Usiache wazi tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuchukua sampuli, kama ananyonya, kama mtoto anapata nevirapini ya kumkinga na kama mama yuko kwenye dawa za VVU. Maabara wanatumia hayo kusoma majibu. Simu andika mbili, moja ya mama na moja ya mtu aliyemchagua mwenyewe. Usimchagulie shemeji.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, imechapishwa kwenye kadi yenyewe. Kadi za zamani hukaa chini ya boksi zikisubiri siku ambayo una haraka.

Tone

Mama ampakate mtoto wima, miguu ikining'inia. Damu inashuka yenyewe na wewe huna haja ya kukamua. Kama kisigino ni cha baridi, kipashe kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika tatu hadi tano. Mtoto wa mwezi mmoja hadi minne: toboa pembeni mwa kisigino, upande wa nyayo, si katikati wala nyuma ambako mfupa uko karibu. Wa miezi mitano hadi kumi: kidole gumba cha mguu. Zaidi ya hapo, kidole cha mkono. Lanseti, ile sindano ndogo ya kutobolea, isizidi kina cha milimita 2.

Futa kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri sekunde 30 ikauke yenyewe. Usipulize, usipepee na fomu. Spiriti ikichanganyika na damu inaacha duara jepesi pembeni ya doa, na kadi ya namna hiyo inarudi. Toboa, ulifute tone la kwanza kwa gozi kavu, maana lina maji ya tishu na mabaki ya spiriti. Subiri tone la pili linenepe mpaka linaning'inia, uligusishe kwenye karatasi bila ngozi kugusa. Likinywewa lote na kuujaza mduara uliochapishwa kwenye kadi, nenda mduara wa pili.

Kukamua kisigino ndiko kunakoharibu kadi nyingi kimyakimya. Damu inatoka, unaridhika, kumbe unasukuma maji ya tishu pamoja nayo, na doa linakuwa hafifu. Ikikata, pangusa jeraha kwa gozi kavu. Ikigoma kabisa, toboa upya pembeni kwa lanseti mpya. Mama akiuliza, "Sista, mbona mnamtoboa tena?" mwambie ukweli: bora mara mbili leo kuliko kurudi mwezi ujao.

Geuza kadi uone mgongo. Doa la nyuma likilingana na la mbele, damu imepita vizuri. Likiwa dogo nyuma, mduara haukujaa, na usijaribu kuujazia kwa tone la pili juu ya la kwanza, wala kwa upande wa nyuma. Maabara wanakata kipande cha ukubwa maalumu wakijua kinabeba kiasi fulani cha damu. Ukipaka tabaka mbili, kiasi hicho hakijulikani tena. Mduara mmoja unataka kama mikrolita 75. Mitatu iliyojaa ni bora kuliko mitano yenye vidoa. Lakini ukiweza mitano, ijaze, si mapambo. Mabaki ya kadi za VVU kutoka vituo vya Kanda ya Ziwa, zilizopokelewa hospitali ya Bugando, Mwanza, yaliwahi kutumika kupima selimundu (sikoseli) na kuonyesha ni wilaya zipi zina watoto wengi wenye ugonjwa huo.

Kukausha

Anayeanika dagaa anajua kwamba juu ya kichanja hewa inapita juu na chini, na juu ya mchanga upande mmoja unaoza. Kadi ni hivyohivyo. Ilaze mlalo kwenye kiango, miduara isiguse kitu. Boksi tupu lililochanwa mipasuo linatosha kushika kingo. Tofauti na dagaa ni jua: kadi haianikwi juani, wala mbele ya hita, wala kwenye friji.

Muda wa saa nne ndio kiwango cha chini, na hizo ni saa nne za mahali pakavu. Masika, Machi hadi Mei, au siku ziwa limefunga ukungu, iache usiku kucha. Rangi ikupe jibu: nyekundu mbichi bado, kahawia iliyoiva imekauka. Ifunike kwa kitu kinachopitisha hewa na uzime taa, la sivyo wadudu wa ziwani watakuja kulala juu ya kadi. Sisimizi nao wanapenda damu. Miguu ya meza iwe kwenye vikopo vya maji.

Kufunga na kusafirisha

Weka karatasi nyembamba ya kutenganisha kati ya kadi na kadi, mfuko wa zipu, vipakiti viwili au vitatu vya kukaushia kwa kadi moja, au vipakiti kama kumi kwa bunda la kadi, na kadi ya kuonyesha unyevu. Sukuma hewa itoke ndipo ufunge. Vitone vya bluu vya kadi hiyo ya unyevu vikigeuka waridi, badilisha vipakiti. Kopo la vipakiti lililoachwa wazi wiki nzima limeshakunywa unyevu wote wa chumba. Kuvitumia ni kufunga mawe.

Kadi haihitaji barafu. Ikiwekwa kwenye boksi la chanjo kwa sababu "ni sampuli", mvuke unageuka maji juu ya mfuko, zipu inalegea, ukungu unaota. Bahasha kavu ndani ya bahasha nyingine, basi.

Ukiweka kadi kwenye joto la kawaida, ifike maabara ndani ya siku 14. Kwa wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo foleni ya kivuko si sababu tena. Kadi inachelewa kwenye droo, ikimngoja mwenye ufunguo aliyekwenda semina. Wa Nansio, kisiwani Ukerewe, wajue ratiba ya boti na siku ya msafirishaji, kisha wahesabu kurudi nyuma: boti ya Jumatatu asubuhi inataka kadi iliyotobolewa Ijumaa, si Jumapili jioni.

Msafirishaji asaini orodha ya kadi, nakala ibaki kwako. Kila wiki chora mstari kwenye rejista mbele ya mtoto ambaye majibu yake hayajafika, na upige simu wewe. Ukiambiwa mtandao uko chini, uliza ulishuka lini, andika tarehe, piga tena kesho.